Oveni ya Ukutani Imezimika: Makosa 10, Yamepangwa kwa Kipimo cha Aibu

Oveni ya ukutani ni jiko lenye cheo. Jiko la mkaa linakaa chini uani, la gesi linasimama mezani, lakini huyu amejengewa chumba chake ndani ya kabati, usawa wa kifua, na kioo usoni kama karani wa benki. Sasa ole wako siku kioo hicho kizime, au kianze kuwaka herufi zisizo za lugha yoyote. Nyumba nzima itatoa hukumu moja kabla hata hujavua aproni: "Bodi imeungua."

Bodi huungua, sikatai. Lakini nimeona bodi nyingi zikisingiziwa kuliko zilizokufa, na ndiyo sababu ya orodha hii. Sikuipanga kwa bei wala kwa ugumu wa kazi. Nimeipanga kwa aibu: fundi akishagundua tatizo, utaweza kumtazama usoni, au utajifanya simu inaita? Namba 10 ni kosa la heshima, unaweza kulisimulia msibani na watu wakakupa pole. Namba 1 utaificha hata kwa mwenzio wa ndani. Na kama keki imeshakorogwa na huna muda wa hadithi zangu, anzia chini upande juu. Ndiyo, najua. Makosa ya aibu ndiyo ya kuangalia kwanza. Si mimi niliyeiumba dunia.

Sharti moja, na hapa sichekeshi: popote patakapohitaji bisibisi, zima breka ya oveni, kisha hakikisha kwa testa kwamba umeme umekatika kweli. Kuzima kwenye kioo si kuzima. Na kuichomoa kabatini ni kazi ya watu wawili, maana oveni ya sentimita 60 inavuka kilo 30 kwa urahisi na haina pa kushikia.

10. Bodi yenyewe

Tuanze na marehemu. Umeme ukikatika kisha ukarudi kwa kishindo, anayesimama mlangoni kuupokea ni varista, kidude bapa cha mviringo kama kidonge cha malaria. Kazi yake ni kufa ili wengine wapone. Ukimkuta mweusi na amepasuka, alikufa kazini, mpe heshima zake.

Kapasita nazo zina kifo chao. Moja huvimba kichwa, ile sehemu ya juu iliyokuwa bapa ikawa kama chapati inayofura. Nyingine huchoka kimyakimya: leo kioo kimefifia, wiki ijayo kinapotea kila ukiwasha grili, mwezi ujao giza. Halafu kuna lehemu kwenye miguu ya rilei. Joto likipanda na kushuka miaka yote hiyo, lehemu hupasuka kwa mstari mwembamba wa duara ambao huuoni bila miwani. Dalili yake unaijua ila unaona haya kuisema: ukiipiga oveni kofi, inawaka.

Hapo msaada upo karibu kuliko unavyodhani. Yule fundi wa redio na televisheni, mwenye meza ya kioo na bango aliloliandika kwa mkono, anaweza kubadilisha rilei na kapasita, kwa kuwa kwake bodi ni bodi, haijalishi imetoka kwenye redio au kwenye jiko la kitajiri. Mwenye haja ya bodi mpya anakili namba ya modeli kwenye kibandiko, ambacho mara nyingi huonekana ukifungua mlango. Na kama bodi hiyo haitengenezwi tena, utanunua oveni nzima, ndipo utakapojua kwamba kabati nalo lina msimamo wake: oveni za Ulaya zina upana wa sentimita 60, za Kimarekani inchi 27 au 30, yaani kama sentimita 69 au 76. Tundu la kabati halitanuki kwa maombi.

Aibu: 0 kati ya 10. Lia kwa sauti, majirani watakuja na chai.

9. Rilei iliyoganda

Hii ni kinyume cha matatizo yote: oveni haizimi. Unabonyeza, kioo kinatii, saa inarudi kwa adabu, na moto unaendelea. Rilei ni ile swichi ndogo inayosema "tak" kila moto ukiwashwa au kukatwa. Ncha zake zikichomana, hakuna wa kuzitenganisha, na kioo kinakuwa kama mwenyekiti wa mtaa asiyesikilizwa na mtu.

Zima breka, usijadiliane nayo.

Aibu: 0. Hofu: 10. Kuna msomaji ameshaanza kusema hii ndiyo ilistahili nafasi ya mwisho kabisa. Andika orodha yako.

8. Sensa ya joto

Si ile ya kuhesabu watu ya Agosti 2022, hii haikuulizi una mbuzi wangapi. Ni fimbo nyembamba kama penseli, imechomoza kwenye ukuta wa nyuma ndani ya oveni, na kila mpishi ameigonga kwa trei angalau mara moja. Ndani yake, kwenye oveni nyingi, mna platinamu. Kwa hiyo ndiyo, una madini ya thamani jikoni, ila usiende nayo kwa sonara.

Kuipima ni raha ya bei rahisi. Chomoa waya zake, weka multimita kwenye omu. Ile ya aina iliyozoeleka husoma omu 1,000 kwenye nyuzi 0 za Selisiasi, kama 1,100 kwenye joto la jikoni kwetu, na karibu 1,760 kwenye nyuzi 200. Ikisoma "hakuna mwisho", waya umekatika. Ikisoma karibu na sifuri, waya zimegusana. Zipo za aina nyingine zenye namba zao, kwa hiyo soma kijitabu kabla ya kutoa talaka.

Kuhusu zile herufi za kwenye kioo: msikubali kudanganywa kwamba ni lugha moja. Kwenye oveni nyingi za General Electric, F3 maana yake njia ya sensa imekatika na F7 ni kitufe kilichokwama. Vuka uende kwa kampuni nyingine, F3 ileile inaweza kuwa kilio cha kitu kingine kabisa. Ni kama "nakuja sasa hivi": inategemea nani kaisema.

Aibu: 1, na ni ya ile trei.

7. Kinga ya joto, pamoja na dhambi zako za kubana matumizi

Hapa panahitaji kikao. Baada ya kuoka, umezima oveni, na bado unasikia feni ikivuma. Katika nyumba nyingi hapo hutokea shujaa, kwa kawaida baba, anayetembea hadi ukutani na kuzima swichi kubwa, "inakula umeme bure." Pongezi, mzee. Umezima kitu pekee kilichokuwa kinaiokoa bodi. Feni ile ndiyo inayotoa joto linalopanda kutoka chumba cha kuokea kwenda kwenye elektroniki zilizopangwa juu yake. Iache imalize kazi, itajizima yenyewe.

Joto likizidi, kinga hukata umeme. Kinga nyingine ina kitufe kidogo cha kubonyeza ikapona, nyingine hufa mara moja tu kama nyuki akishauma. Ukiibadilisha bila kuuliza kwa nini feni haikuzunguka, utanunua ya pili, na ya tatu, na muuza vipuri atakualika harusi ya binti yake.

Dhambi ya pili dhidi ya kinga hii ni ile programu ya kujisafisha. Oveni zilizo nayo hupanda hadi karibu nyuzi 500, mafuta yote yakawa majivu ya kupangusa kwa kitambaa. Ni maajabu kweli. Lakini lini watu huyafanya? Mkesha wa Idi. Mkesha wa Krismasi. Huko Marekani huifanya siku chache kabla ya sikukuu yao ya Alhamisi ya nne ya Novemba, wakati bata mzinga yuko kwenye friji akisubiri. Joto kali kuliko lote oveni inalolijua, linapigwa siku ambayo hakuna fundi anayepokea simu. Mwenye kisa hiki asiseme "imeharibika ghafla." Haikuwa ghafla. Ulimwalika msiba ukampa na tarehe.

Aibu: 4, na sikukuu zikihusika 6.

6. Wageni wasioalikwa

Joto, giza, harufu ya siagi, hakuna kodi. Kama mende wangekuwa na dalali, nyuma ya paneli ya oveni pangeuzwa kwa mnada. Mende huacha uchafu unaopitisha umeme mahali usipotakiwa kupita. Sisimizi hujipenyeza hadi kati ya ncha za rilei wakaiziba isigusane. Mjusi yeye hana mpango wowote, hulaza mwili juu ya nukta mbili za umeme, na hafanyi hivyo mara ya pili.

Dawa: umeme ukiwa umezimwa, brashi laini, spiriti ya kusafishia, na subira ikauke vizuri. Usipulize dawa ya mende kwenye bodi. Nimelisema hili kwa sababu kuna aliyefanya, na anasoma.

Aibu: 5 ukiwa peke yako na fundi. Mama mkwe akiwa ndiye aliyeshika tochi, 9.

5. Kitufe kilichonata

Shira ya kaimati imechuruzika kwenye paneli na oveni inaamini kwamba tangu Jumanne kuna mtu kabonyeza namba 3 bila kuachia. Kwenye vioo vya kugusa, hata mvuke wa pilau unatosha. Futa, kausha, zima umeme dakika 5 hadi 10, washa. Ikirudia, huenda ule utepe wa waya unaounganisha vitufe na bodi umelegea kwenye soketi yake: uchomoe, usafishe ncha, uurudishe.

Aibu: 5. Tofauti na namba 6 ni kwamba hii inanukia vizuri.

4. Oveni iliyokuja na kontena

Binamu yuko Marekani, amehama nyumba, ameona haya kuitupa oveni ya ukutani iliyokuwa mpya kabisa, ameifungia kwenye kontena pamoja na magodoro. Imefika Dar. Fundi kasoma kibandiko, kaona "240", katabasamu: "Mbona ndiyo umeme wetu huu!" Kaunga. Kioo kimewaka kwa furaha ya sekunde mbili.

Sikiliza kilichotokea. Nyumba ya Kimarekani hupokea nyaya mbili zenye volti 120 kila moja ukipima na nyutro, na 240 ukipima kati yao. Kamba za moto za oveni, ndizo zinazopasha joto, hutumia zile 240. Lakini kwenye oveni nyingi, taa, feni na bodi hutumia 120, waya mmoja na nyutro. Sisi huku tuna waya mmoja wenye volti kama 230 na nyutro yake. Kwa hiyo kamba za moto zimepata haki yao na bodi imepata karibu maradufu. Umemwagia kuku wa kienyeji pilipili ya mtaa mzima.

Na hata ukiifanyia ufundi wa transfoma, bado kuna masihara ya mwisho. Umeme wao hupiga mizunguko 60 kwa sekunde, wetu 50. Saa ya oveni inayohesabu mizunguko hiyo itachelewa dakika 10 kila saa moja. Ukiiambia ioke dakika 60, itaoka 72 kwa uaminifu kamili.

Ndugu zetu walioko kulekule Marekani wana toleo lao: waya mmoja kati ya zile mbili ukikatika, bodi inaendelea kupata 120 zake, saa inang'aa, taa inawaka, na nyama iko baridi kama ilivyotoka buchani. Watamlaumu kila mtu kabla ya kwenda kuzima na kuwasha breka.

Aibu: 7, mgawane na binamu.

3. Swichi iliyo nyuma ya unga wa ngano

Ukutani jikoni kuna swichi kubwa, mara nyingi nyekundu au yenye taa ndogo. Mbele yake kuna mtungi wa unga, kopo la sukari, na kalenda ya mwaka juzi. Mtu kapangusa ukuta Jumamosi. Oveni "imekufa" Jumapili. Fundi kaja Jumatatu, kasogeza mtungi, tak.

Ndugu wa karibu wa hii ni breka iliyoanguka. Ipandishe mara moja. Ikianguka tena, una bahati: aibu imekutoka, hilo sasa ni tatizo halisi. Huenda kamba ya moto inavujisha umeme kwenye bati. Kamba ya wati 2,000 kwenye volti 230 inapaswa kusoma kama omu 26 kutoka ncha hadi ncha, na isisome kitu kati ya ncha na bati.

Ndugu wa mbali ni ile oveni iliyochomekwa kwenye ekstensheni moja na birika na friji. Plagi ya ampea 13 inabeba kama kilowati 3 ikiwa yenyewe, ikiwa mpya, na ikiwa haijaombwa kubeba ukoo mzima. Ukinusa plastiki, huhitaji fundi kukuambia.

Na kabla hujamtukana Mjerumani aliyeitengeneza, tazama sebuleni. Taa zinawaka? Maana kuna mtu nimjuaye alibomoa nusu ya kabati, kumbe umeme wa luku umeisha. (Ndiyo, ni mimi. Ilikuwa mchana, sikuwa nimewasha taa.)

Aibu: 8.

2. Kufuli ya watoto na hali ya dukani

Kufuli: kioo kinaonyesha alama ya ufunguo, vitufe vyote vimenuna. Shikilia kitufe chenye ufunguo kwa sekunde chache, basi. Mtoto wa miaka minne ameifunga kwa kuegemea, wewe mwenye shahada umeshindwa kuifungua. Imeitwa kufuli ya watoto kwa sababu watoto ndio wanaoijua.

Lakini hali ya dukani ndiyo ninayoipenda. Oveni za maonyesho huwekwa kwenye hali ambayo taa inawaka, feni inazunguka, kioo kinahesabu nyuzi, ila hakuna joto hata la kuyeyusha siagi. Baadhi huandika "demo" kwa herufi ndogo pembeni, baadhi hazisemi lolote. Njia ya kuitoa imo kwenye kijitabu, na kijitabu kimo kwenye boksi, na boksi liko kwa jirani aliyelichukua kuhamishia vyombo.

Kuna waliokaa na oveni kama hii miezi wakiapa kwamba ni dhaifu, "inaoka polepole." Haioki. Inaigiza.

Aibu: 9. Kuna wanaodai hii ndiyo inastahili kiti cha enzi. Hoja yao nimeisikia na nimeitupilia mbali, kwa sababu ya jambo lifuatalo.

1. Saa

Ndiyo. Saa.

Oveni nyingi za kujengewa kutoka Ulaya hazipashi moto kama hazijui ni saa ngapi. Umeme ukikatika, kioo kinarudi kikipepesa sifuri tatu, na pengine neno "auto". Unageuza kitufe cha joto, taa inawaka, hakuna moto. Si ugonjwa, ni itifaki. Weka saa. Kama "auto" bado inapepesa, oveni inadhani umeipangia kazi ya baadaye: bonyeza kitufe chenye alama ya mkono, na kwenye aina nyingine bonyeza jumlisha na kutoa kwa pamoja. Gharama: sifuri. Muda: sekunde tano. Hasara kwa heshima yako: isiyopimika.

Usijione uko peke yako katika kuteswa na saa hii. Kuanzia katikati ya Januari hadi mapema Machi 2018, saa za oveni zinazohesabu mizunguko ya umeme katika nchi 25 za Ulaya zilichelewa karibu dakika 6, zote kwa pamoja. Sababu? Mgogoro wa umeme kati ya Serbia na Kosovo ulipunguza mapigo ya gridi nzima ya bara hadi wastani wa 49.996 kwa sekunde badala ya 50. Kipande hicho kidogo kisichoonekana kwa macho kilitosha kumchelewesha mtu wa Uhispania kutoa mkate wake. Kwa hiyo siku nyingine ukiambiwa oveni ni jambo la nyumbani, cheka.

Mkate wa kumimina uliopaliwa makaa juu ya mfuniko haujawahi kuuliza ni saa ngapi. Nalitaja tu.

Kwetu fundi alikuja na begi zima la zana. Alitazama kioo, akabonyeza vitufe viwili kwa vidole viwili vya mkono mmoja, moto ukawaka, akaanza kufunga begi ambalo hakulifungua. Akaomba nauli tu, kwa huruma iliyoniumiza kuliko bei. Kisha akauliza niiweke saa ngapi. Kabla sijajibu, mama mkwe akajibu kutoka mlangoni: "Saa tisa na robo, baba."

Akaiweka 9:15. Ilikuwa alasiri. Oveni haikubisha, ikaoka vizuri, na hadi leo haijaguswa. Kila kifaa kingine humu ndani kinatuambia saa za Kizungu, hii inasoma saa kama watu.

Aibu: 10. Ila ya nani, tutabishana.